Hakuna Aliyemuuliza Falone

Asubuhi za Kaswera zilianza na kelele za watu. Papa yake, Papa Mbusa, alikuwa na duka la chumvi, sabuni na betri karibu na soko la Walikale, na duka lenyewe lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Jua likiwa bado nyuma ya miti, tayari watu walikuwa wamekaa juu ya magunia. Mmoja alikuja kununua kibiriti, watatu walimsindikiza, na waliobaki walitaka tu habari za barabarani: lori gani limekwama, nani ameoa, nani amekataliwa. Kaswera alipita katikati yao akiwa na sare yake ya bluu na nyeupe na chupa yake ya chai. Aliamkia kila mtu, "Jambo Papa, jambo Mama," mpaka mdomo ukachoka, ndipo akashika njia ya shule.

Walikuwa bado wageni. Familia yao ilikuwa imetoka upande wa Butembo zamani, ikaishi Masisi miaka mingi, na bunduki ziliposikika tena kwenye vile vilima, Papa Mbusa alifunga mizigo wakateremka Walikale. Mama alibaki Butembo akimuuguza nyanya yao. Kwa hiyo Kaswera alikuwa na papa, duka na watu juu ya magunia.

Kila kitu kilimchanganya. Masisi ulikuwa ukisimama mlangoni unaona ng'ombe wa jirani kwenye kilima cha pili, na jioni unavaa sweta. Walikale miti ilisimama kila upande, mbingu ikawa ndogo, na shati liligandamana na mgongo kabla somo la kwanza halijaisha.

Na shule ndiyo iliyomchanganya zaidi. Alikuwa ameingia darasa la saba, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari. Shule ya msingi ilikuwa na mwalimu mmoja kutoka asubuhi mpaka mchana. Hapa kengele inalia, mwalimu anatoka, mwingine anaingia, na Kaswera bado anamtafuta yule wa kwanza. Septemba nzima aliandika historia ndani ya daftari la aljebra. Siku moja alisimama kujibu swali la jiografia, akataja pembetatu. Darasa lote lilicheka mpaka mwalimu naye akageukia ubao ili asionekane.

"Usilie," alisema msichana mwenzake waliyekaa naye benchi moja. "Hata miye sikujua jibu. Lakini miye nilinyamaza."

Msichana huyo aliitwa Falone. Alikuwa mtoto wa pale pale. Papa yake, Papa Élie, alilima mihogo na ndizi upande wa barabara ya Hombo, na siku nyingine aliingia msituni kuwinda. Tangu siku ile ya pembetatu, Falone alimchukua Kaswera kama mtu anayeokota kifaranga njiani. Alimwonyesha mwalimu yupi anacheka na yupi hachekwi. Alimfundisha kula viwavi vya kukaanga. Kaswera alifumba macho, akatafuna, kisha akaomba vingine.

Alipofika kwao Falone kwa mara ya kwanza, Mama Falone alimpa kikombe cha maji. Kabla ya kumpa, alikunywa funda moja mbele ya macho yake, ndipo akanyoosha mkono. Kaswera hakushangaa. Hata Masisi wanafanya hivyo. Anayekupa kinywaji au chakula anaonja kwanza, ili moyo wako utulie. Watu wa huku wanaogopa sana karuho, sumu ambayo inasemekana adui huificha chini ya ukucha. Ndiyo maana mtoto mwenye adabu anaonja kwanza bila kuambiwa.

Krismasi ikapita, mitihani ya nusu mwaka ikapita pia, na Kaswera akapata alama za kutosha tu, si zaidi. Mwezi wa pili, motari mmoja, dereva wa pikipiki aliyekuwa amevaa makoti mawili, alisimama mbele ya duka akiwa amepakwa matope mpaka nyusi. Alileta kifurushi kutoka kwa jirani yao wa zamani wa Masisi, Mama Uwamwezi. Ndani mlikuwa na jibini nzima ya mviringo. Papa Mbusa aliinusa kwanza, kisha akaikata vipande na kuwagawia wote waliokuwa juu ya magunia.

Kesho yake Kaswera alifunga kipande kimoja kwenye jani la mgomba, akakipeleka shuleni. Wakati wa mapumziko alikifungua chini ya paa la veranda. Émile alikuwa wa kwanza kufika. Émile alikuwa redio ya darasa. Chochote kilichotokea asubuhi, mchana alikuwa amekwisha kukitangaza, na mara nyingi alikuwa ameongeza muziki.

"Ni nini iko nanuka hivi?" aliuliza Émile. "Umetoa wapi hii, ndani ya kiatu ya askari?"

"Ni fromage ya Masisi," Kaswera alisema. "Inatoka kwa maziwa."

"Maziwa gani? Ya ng'ombe wa kufa?"

Wenzake wakacheka. Falone akasema, "Lete. Miye nakula."

"Weye hutakula," Émile akasema. "Utaweka mu mdomo, utatema."

Kengele ikalia wakati ule ule. Mwalimu wa aljebra alikuwa amesimama mlangoni, na yule hakuwa wa kuchekwa. Kaswera alimtia Falone kipande chote mkononi. Falone alikitafuna akikimbia, akakunja uso, akameza, kisha akamfungulia Émile kinywa kitupu ili aone. Wakaingia darasani.

Kesho yake Falone alikuja, lakini alilaza kichwa juu ya benchi. Kesho kutwa hakuja. Wiki nzima hakuja.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Walikale ni mji wa watu wema, lakini si mji wa watu wanyamavu. Kwenye bomba la maji walisema Falone ana homa na anatapika. Yalipofika sokoni, alikuwa anatapika damu. Jumapili, mlangoni pa kanisa, mama mmoja aliapa kwamba mtoto yule alikuwa ametapika ukucha. Na kila mara neno lilimalizika mahali pamoja: alikula kitu cha mtoto wa yule mfanyabiashara, kitu chenye harufu, wala mtoto yule hakuonja kwanza.

"Ulionja?" Émile alimuuliza Kaswera mbele ya darasa zima.

"Nilionja," Kaswera alijibu haraka, kwa sababu macho yalikuwa mengi.

Wasichana wa benchi la nyuma walipomuuliza, alisema, "Nilikata kidogo pembeni, nyumbani." Na mkuu wa shule, Prefe Hubert, alipomwita ofisini na kumuuliza lile lile, Kaswera alisema, "Sikumbuki, Prefe."

Majibu matatu kwa swali moja. Émile aliyakusanya yote, na kufikia mchana yalikuwa yamekwisha kuzunguka shule. "Muntu wa kweli iko na jibu moja," alisema.

Kaswera mwenyewe alianza kutojua. Alipofagia duka alijiuliza: nilionja? Alipoosha sahani alijiuliza tena. Mara alijiona wazi akiuma kona ya jibini. Mara alijiona akimpa Falone kipande kizima, kengele ikilia. Na hata kama hakuonja, je, kulikuwa na nini ndani? Nyumbani wote waliila na hawakuumwa. Lakini watu walisema sumu haitiwi kwenye jibini nzima, inatiwa kwenye kipande kimoja. Nani basi alikitia? Motari? Mama Uwamwezi, aliyewapa maziwa tangu Kaswera akiwa mtoto mchanga? Au yeye mwenyewe, bila kujua, kwa mikono yake? Alikata kucha zake fupi, kisha akazikata tena, mpaka kidole kimoja kikatoa damu.

Prefe Hubert alimwambia abaki nyumbani kidogo, mpaka maneno yapoe. Hakusema amefukuzwa. Hakusema pia atarudi lini.

Lakini nyumbani napo hapakuwa tena nyumbani. Magunia yalikuwa matupu. Watu walinunua chumvi wakiwa wamesimama nje, wakachukua chenji, wakaenda. Papa Mbusa alikaa nyuma ya meza akipanga betri ambazo zilikuwa zimekwisha kupangwa. "Duka lenye watu kumi bila mnunuzi ni zuri kuliko hili," alisema.

Ijumaa, msichana mmoja wa darasani alipita na kunong'ona dirishani: "Kesho asubuhi wanapeleka Falone kwa mganga wa miti, kule ndani, mbele ya kufika Hombo. Atamupa dawa ya kutapisha karuho. Dada yangu anasema Falone hawezi hata kusimama."

Kaswera aliacha ufagio. Hakumwambia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye kituo cha afya, akamkuta muuguzi, Mama Bénédicte, akiosha mikono mpaka kwenye viwiko. Nyuma ya pazia mwanamke alikuwa akijifungua, na mwingine alikuwa akingoja zamu yake.

"Mama Bénédicte, fromage inaweza kuua muntu?"

Muuguzi alimtazama. Habari alikuwa nayo, bila shaka. Mji mzima ulikuwa nayo. "Wewe ndiye mtoto wa Papa Mbusa?"

"Ndiyo, Mama. Rafiki yangu anaumwa. Wanasema nilimupa karuho. Miye sijui tena. Labda nilimupa."

"Labda?" Mama Bénédicte alichukua taulo. "Anaumwa nini?"

"Homa. Kichwa. Tumbo. Hawezi kusimama."

"Kilianza kipi, kichwa ama tumbo? Na kilianza lini?"

"Sijui."

"Papa yake anajua?"

"Sijui, Mama. Watu wote wanasema tu ilianza na fromage."

"Watu wote. Na Falone mwenyewe anasema nini?"

Kaswera alifikiri. Alikuwa amesikia maneno ya bomba, ya soko, ya kanisa, ya Émile. Neno la Falone hakuwa amesikia hata moja. "Hakuna mwenye amemuuliza," alisema polepole.

"Basi kamuulize," Mama Bénédicte alisema. "Mimi siwezi kuacha hawa wazazi leo. Lakini sikiliza vizuri: homa ya namna ile haingoji. Na mtu aliyeishiwa nguvu ukimtapisha, unaweza kumpoteza. Waambie wamlete hapa kwanza. Wakitaka kwenda kwingine baadaye, wataenda."

Kaswera alirudi mbio na kumweleza papa yake. Papa Mbusa alitikisa kichwa mara nyingi. "Tukitia mguu kwao leo, watasema tumekuja kumumalizia. Wale watu wana uchungu. Muntu mwenye uchungu iko na panga mukononi hata kama hulioni."

"Na tusipoenda, Papa?"

Papa alichukua funguo. Alifunga duka mapema kuliko siku zote.

Asubuhi Kaswera alimkuta ameketi juu ya gunia, viatu vimefungwa. "Twende," alisema Papa Mbusa. "Lakini miye ndiye nitasema. Weye wakikuuliza, sema ulionja. Neno moja tu, yaishe."

Uwanja wa Papa Élie ulikuwa umejaa. Walikuwapo wajomba, shangazi, majirani na watu wa kanisani, wote wakiongea. Hata wasiomfahamu Falone walikuwa na maelezo kuhusu ugonjwa wake. Pikipiki ilisimama karibu na mlango, na motari alikuwa akifunga godoro nyuma yake kwa kamba. Falone alikuwa ameegeshwa ukutani, amefungwa kitenge mpaka shingoni, midomo imekauka. Kaswera alipomwona alitaka kukimbilia kwake, lakini shangazi mmoja mnene alisimama mbele yake.

"Iko hapa," shangazi alisema. "Amekuja kuona kama kazi yake imeisha."

Papa Mbusa alianza kusema. Alisema sana: kuhusu Butembo, kuhusu Masisi, kuhusu ujirani, kuhusu yeye kuwa Mkristo. Kila alipoongeza neno, watu waliongeza mawili. Mwishowe mjomba wa Falone akanyoosha mkono kumnyamazisha.

"Papa Mbusa, wacha. Sisi tunataka mutoto. Mutoto, onyesha makucha."

Kaswera alinyoosha mikono. Watu walisogea. Hapakuwa na kucha za kutazama, isipokuwa kidole kimoja chenye kidonda.

"Kwa nini umezikata hivi? Unaficha nini?"

"Niliogopa," Kaswera alisema.

"Ulionja ile fromage mbele ya kumupa mwenzako?"

Papa Mbusa alimtazama bintiye, na macho yake yalisema lile neno moja. Kaswera aliliona neno hilo, jepesi, limekaa tayari kwenye ulimi. Lakini alikuwa amelitumia mara moja, na limezaa mengine mawili, na tangu siku ile hakuwa ameelewa kitu.

"Hapana," alisema. "Sikuonja."

Uwanja ukavuma. Shangazi akapiga makofi. "Muliskia? Muliskia yeye mwenyewe?"

"Sikuonja," Kaswera alirudia. "Kengele ililia, nikasahau. Émile nilimudanganya, na wale wengine pia nilisema bongo, uongo tu, kwa sababu niliogopa. Leo nasema kweli. Na sikutia kitu. Mama Falone, naomba swali moja. Si kwako, kwa Falone. Kisha mutanifanya munachotaka."

Mama Falone alikuwa amechuchumaa karibu na mtoto wake akimpangusa uso kwa kitambaa. Alimtazama Kaswera muda mrefu, kisha akasogea pembeni kidogo, kiasi cha mtoto mmoja kupita.

Kaswera akapiga magoti. "Falone. Ulianza kuumwa lini?"

Falone alilamba midomo. "Siku ya mechi."

"Mechi gani?" aliuliza mjomba.

"Ya darasa letu na darasa la nane. Kichwa kiliniuma sana, nikalala nyuma ya goli. Homa ilikuja usiku." Alipumzika. "Nilienda tu shuleni kwa sababu ya mitihani ya mwezi."

Watu walianza kuhesabu kwa vidole. Ile mechi ilichezwa wiki nzima kabla ya jibini kufika Walikale. Wengi wao walikuwapo, walishangilia. Mwanamke mmoja akasema taratibu, "Kweli, siku ile nilimuona amelala pale. Nilizani ni uvivu."

"Na kwa nini hukutuambia?" Mama Falone aliuliza.

"Hamukuniuliza, Mama. Mulikuwa munaniuliza tu, alikupa nini, alikupa nini."

Papa Élie ni mtu wa maneno machache, kama wengi wanaoshinda msituni. Aliinuka kutoka kwenye kigogo alichokuwa amekalia, akamwendea motari.

"Geuza pikipiki," alisema. "Tunaenda kwa Mama Bénédicte."

Damu ya Falone ilipimwa siku ile ile. Ilikuwa homa ya matumbo, ile wanayoiita tifoide, na ilikuwa imekomaa. Mama Bénédicte aliwaambia wazazi wazi kwamba utumbo wa mtoto ulikuwa umedhoofika, na wangemtapisha katika hali ile ungeweza kutoboka. Kwa siku kadhaa hakuna aliyejua kama atapona. Kaswera alikaa kwenye veranda ya kituo kila mchana. Mwanzoni Mama Falone alipita bila kumtazama. Baadaye alimtazama. Siku moja alimpa ndoo akachote maji, na Kaswera aliichukua kama mtu aliyepewa zawadi.

Siku homa iliposhuka, Falone aliomba chakula. Kisha akauliza kama Émile amekwisha kupata kitu kipya cha kutangaza.

Alikuwa amepata, tena kitandani. Wiki ile ile Émile aliletwa kwenye kituo akitetemeka, na nyuma yake watoto wengine wawili wa darasa la saba. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kugusa jibini. Mama Bénédicte alivaa viatu vyake vya mpira, akaenda shuleni mwenyewe.

"Munakunywa nini hapa?" aliuliza.

Wanafunzi walimwonyesha bidoni la manjano la maji kwenye kona ya darasa, na kikombe kimoja cha plastiki kinachozunguka kutoka mdomo hadi mdomo. Maji yalipaswa kutoka kwenye chemchemi ya kilimani, iliyojengewa saruji. Lakini mvua za mwezi wa kwanza zilikuwa zimeharibu njia. Na zamu ya kuchota ilikuwa ya Émile na wenzake. Alipoulizwa, Émile alijifunika shuka mpaka puani.

"Tulichota mu kijito," alisema. "Kile cha nyuma ya vyoo. Kule juu ni mbali, na kuna matope."

"Kwa hiyo weye ndiye ulitupa karuho," Falone alimwambia kutoka kitanda cha pili.

Émile alitaka kucheka, tumbo likamkataza. "Miye nilizani maji ni maji," alisema. Kisha akaongeza, "Kaswera, na yale mengine nilisema... Unisamehe."

Kaswera alimsamehe, ingawa si siku ile. Siku ile alisema tu, "Nimesikia." Yeye mwenyewe ugonjwa ulimpita. Mama Bénédicte aliposikia kwamba kila siku alikunywa chai ya nyumbani iliyochemshwa, alitikisa kichwa na kusema kwamba darasa zima lingekuwa na chupa kama ile, kituo chake kingekuwa na vitanda vitupu.

Wazazi walitengeneza njia ya chemchemi Jumamosi mbili, kwa salongo, kazi ya pamoja ya mji. Kijito kikazungushiwa uzio wa miti. Shule ikapata sufuria kubwa ya kuchemshia maji, na kila mwanafunzi akaleta kikombe chake. Prefe Hubert alikuja dukani kwa Papa Mbusa, akakaa juu ya gunia, akamwambia Kaswera arudi darasani. Na kwa kuwa prefe alikaa, na wengine wakakaa. Jioni ile duka lilikuwa na kelele mpaka Papa Mbusa akalalamika kwa furaha kwamba hasikii hata hesabu zake.

Mwezi wa saba mwanzoni, siku ya kutangaza matokeo, uwanja wa shule ulijaa wazazi waliovaa vitenge vya sikukuu, na wengi walikuwa na kopo la poda mfukoni, maana anayefaulu humwagiwa poda kichwani mpaka anafanana na mzimu. Kabla ya kusoma majina, Prefe Hubert alisimama mbele yao.

"Mwaka huu katika darasa la saba nusura tuwapoteze watoto wawili," alisema. "Mmoja kwa ugonjwa, na mwingine kwa midomo yetu. Nami nilikuwa kati ya midomo hiyo. Nilimfunga mtoto nyumbani bila kumpeleka mgonjwa kwa muuguzi. Wanafunzi, mtasahau aljebra, wengine mmekwisha kuisahau. Lakini hili msilisahau. Mtu akiugua, muulizeni yeye kwanza, kisha mpelekeni kituo cha afya, msingoje. Maji yenye kuonekana safi, yachemsheni. Na ukikosea, sema nimekosea siku ile ile, neno likiwa bado dogo. Kaswera alilisema likiwa limekwisha kuwa kubwa kuliko yeye, na bado alilisema."

Kisha akasoma majina. Kaswera alikuwa katikati ya orodha, mahali ambapo watu hawapigi vigelegele sana. Papa Mbusa alianza kutafuta kopo lake mfukoni, lakini mtu mwingine alimtangulia. Mama Falone alipita mbele ya umati wote, mbele ya shangazi mnene na wale wa mlangoni pa kanisa, akafungua kopo jipya na kulimimina lote juu ya kichwa cha Kaswera. Akaisambaza poda kwa viganja vyake, kwenye paji la uso, mashavu na shingo, bila haraka, kama anavyompaka mwanawe mwenyewe.

"Niliwasikiliza watu wote wa Walikale," alisema kwa sauti ya kusikika, "isipokuwa watoto wawili waliojua." Kisha akamgeuza Kaswera awatazame watu, na watu wakapiga makofi.

Falone alikuwa amesimama pembeni, bado mwembamba, kola ya shati imemlegea. Alikuwa amekosa masomo mengi. Prefe alikuwa amempa nafasi ya kurudia mitihani mwezi wa nane.

"Na miye, poda yangu?" aliuliza.

"Weye ungoje mwezi wa nane," mama yake alisema.

"Basi Kaswera atanifundisha aljebra."

Kaswera alikohoa poda, akapangusa macho. "Miye mwenyewe siielewi. Mwaka muzima niliandika tu."

Wakatazamana. Mwalimu wa aljebra, yule asiyechekwa, alikuwa amesimama peke yake karibu na bendera akijipepea kwa kofia. Mwaka mzima hakuna mwanafunzi aliyewahi kumwendea kwa hiari yake. Falone akamshika Kaswera mkono, wote wawili wakiogopa, mmoja mweupe kwa poda, wakaenda kumuuliza.